Risala ya Vijana Watengeneza Filamu wa Sinza kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi,
Wazazi, walezi na wasanii wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Sinza, katika ukumbi huu ambamo jioni hii tutaonyesha filamu fupi tuliyoipiga kwa kamera moja ya kuazima na kipaza sauti tulichokifunga kwenye mpini wa ufagio.

Mheshimiwa, sinema ya nchi hii haijawahi kukaa mbali na Ikulu. Mwaka 1968, chini ya Mwalimu Nyerere, iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na sinema ikawa shughuli ya umma. Aprili 2012, alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, Rais Kikwete alifika msibani hapahapa Sinza kuwapa pole wafiwa. Na wengi wetu, tuliokuwa bado watoto wa shule, ndipo tulipotambua kwamba uigizaji, ambao majumbani mwetu uliitwa uhuni, ni kazi inayoweza kumtoa Rais ofisini.

Linalotugusa zaidi, hata hivyo, ni la Rais Samia Suluhu Hassan, kwa kuwa yeye aliingia ndani ya picha yenyewe. Katika filamu ya Royal Tour, iliyozinduliwa New York Aprili 2022, alimtembeza mwanahabari Peter Greenberg kwenye vivutio vya nchi yetu, na mwaka 2024 wasanii wa filamu waliambatana naye katika ziara ya Korea Kusini. Aliyekwisha kusimama mbele ya kamera hahitaji kuelezwa kwamba jua halimsubiri mpiga picha, ingawa tunaamini yeye hakuulizwa kibali getini.

Sisi tuliulizwa. Kwa tukio la dakika mbili katika eneo la wazi tulizungushwa ofisi tatu kwa siku nne, kila moja ikitutuma kwa nyingine, hadi tukalihamishia uani kwa mama mmoja muuza chapati, ambaye ada yake ilikuwa nyepesi: naye aonekane akigeuza chapati. Utamwona leo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ombi letu ni moja: wilaya iwe na dirisha moja la vibali kwa vikundi vidogo kama chetu, lenye ada inayojulikana na jibu ndani ya siku mbili. Tulikuwa na ombi la kamera pia. Tumeliondoa, maana ile ya kuazima bado inawaka.

Tunaomba kuwasilisha.