Bei ya korosho ya saa mbili usiku

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba minada ya korosho inapoanza, taarifa ya habari ya televisheni hutuletea habari ileile: bei imepaa, tarakimu moja kubwa inajaza kioo, kiongozi anapiga makofi, mkulima mmoja anashukuru. Sisi tunaoshika karatasi za mauzo za AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, huku Newala na Tandahimba hatudai kuwa tarakimu hiyo ni ya uongo. Mara nyingi imo kwenye karatasi. Kosa ni kuichomoa peke yake.

Mnada hautoi bei moja. Korosho za vyama hukusanywa ghala kuu, hupangwa kwa mafungu, na kila mnunuzi huandika kiasi anachotaka na bei anayotoa. Tangu msimu wa 2024/2025 bei hizo hupitia mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, na kila aliyepo mnadani huziona kwenye skrini. Hakuna siri ya kufukua.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Chama kikuu kimepeleka tani 1,000. Mnunuzi mmoja amechukua tani 40 kwa shilingi 3,000 kwa kilo, wengine wakabeba tani 960 zilizobaki kwa 2,400. Usiku televisheni inasema korosho imefika 3,000. Mtangazaji mwenye nia njema zaidi hujumlisha bei ya juu na ya chini, akagawa kwa mbili, akapata 2,700, nayo si sahihi. Kila bei izidishwe kwa tani zake, jumla igawanywe kwa tani zote, ndipo unapopata wastani: 2,424. Hapo bado hujagusa makato: ushuru wa halmashauri, fedha za chama cha msingi na chama kikuu, usafirishaji, ghala. Tuseme yote ni shilingi 200. Mkulima anabaki na 2,224. Kwa gunia la kilo 80, mtazamaji amesikia 240,000 na mkulima atapokea 177,920.

Pengo hilo la shilingi 62,080 lina mtu wa kulijibu, na si mtangazaji. Ni katibu wa AMCOS, ambaye kesho yake asubuhi anaulizwa na kijiji kizima hela nyingine ameipeleka wapi. Tumeona makatibu waadilifu wakiitwa wezi kwa sababu ya habari ya sekunde 40. Wezi nao wapo, tena hao ndio wanaofaidika zaidi na tarakimu moja isiyo na maelezo, maana hesabu ikishavurugika hakuna anayejua aanzie wapi kuwauliza.

Jambo la pili ni daraja la ubora. Mwaka 2018, baada ya wakulima kukataa bei za mnadani, Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tarakimu hiyo ndiyo iliyozunguka nchi nzima. Daraja la pili lilikuwa 2,640, na aliyepeleka korosho zilizonyeshewa au zilizoanikwa vibaya aliijua siku ya malipo. Kisha ukafuata uhakiki wa kuwasaka wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho za wakulima nje ya mfumo rasmi, na wapo waliosubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata. Tangazo lilipewa kamera nyingi. Foleni ya benki haikupewa.

Tunajua kwa nini inakuwa hivyo. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyorushwa, hawana gari wala mafuta, na kutoka Mtwara mjini hadi kijiji cha ndani cha Tandahimba ni safari ya siku. Gari lenye nafasi ni la msafara wa kiongozi. Kwa hiyo kamera hufika pale msafara unapofika, mkulima huhojiwa mkuu akiwa amesimama ubavuni mwake, na msafara ukiondoka kamera nayo inapanda gari. Ukimweka mtu katika hali hiyo atasema ahsante, hata wewe ungesema.

Vipaumbele navyo vimepinda. Korosho huamuliwa miezi mingi kabla ya mnada. Maua hutoka kuanzia Juni, na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, huyashambulia wakati huohuo. Salfa, dawa ya kuukinga, inatakiwa iwe mkononi mwa mkulima kabla ya hapo, kisha ipulizwe kila baada ya wiki mbili au tatu, alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Ikichelewa mwezi mmoja, maua hukauka na mfuko uliokuja baadaye ni wa kuweka stoo. Lakini habari inayorushwa ni ya meli kutia nanga bandarini ikiwa na tani nyingi za salfa. Tani hizo ni za kweli. Swali ambalo halikuulizwa ni tarehe ambayo zilifika kijijini, na kama kilo alizosajiliwa mkulima ndizo alizopewa. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele wako hapahapa Mtwara. Kuwahoji mwezi Mei hakuhitaji msafara.

Halafu picha. Habari ya mnada wa Oktoba hupambwa kwa maua ya mikorosho ya Julai, bila neno "maktaba" pembeni. Hiyo inavumilika. Haivumiliki kwenye habari za vimbunga, ambako picha za nchi jirani zinaweza kudhaniwa ni za kwetu. Kenneth, kilichotutisha Aprili 2019, kilipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na mwezi mmoja kabla yake kimbunga Idai kilikuwa kimeuzamisha mji wa Beira, nao wa Msumbiji. Mhariri akiletewa video ya mafuriko asitazame usukani, kwa kuwa Msumbiji nao huendesha kushoto kama sisi. Atazame namba za magari, mengi ya kwetu huanza na T, na asikilize watu wanapiga kelele kwa lugha gani.

Kwa msimu ujao tunaomba mistari minne kwenye kioo: bei ya juu na tani zake, bei ya chini na tani zake, wastani baada ya makato, na siku ambayo fedha za mnada uliopita ziliingia benki. Vivyo hivyo kwa ufuta na mbaazi za wenzetu wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Karatasi za mauzo hubandikwa kwenye mbao za matangazo za vyama. Atakayekuja kuzipiga picha asome kwanza safu ya kilo, ndipo aende kwenye safu ya bei.

Watendaji wa vyama vya msingi,
Newala na Tandahimba, Mtwara