Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: jua la Dodoma linatuunguza bure

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Hombolo, Dodoma. Mimi ni mkulima wa zabibu, ekari moja na nusu, kwa hiyo usinihesabu kwenye kundi la wawekezaji.

Machi mnunuzi alinigeuka nikiwa nimeshavuna. Zabibu ikishakatwa haina subira: siku mbili tu inanywea, na nyuki wanakuwa wengi kuliko wateja. Nikakamua, mchuzi nikauweka kwenye tangi la jirani mwenye jenereta. Dizeli ya kuupoza ikala karibu bei yote. Yaani nimekaa kwenye jua la Dodoma, nanunua mafuta ili nipate baridi! Mke wangu bado ananicheka.

Mji huu ulitangazwa makao makuu 1973, lakini kukua kwenyewe tumekuona tangu Serikali ianze kuhamia 2016. Wizara zimejaa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, barabara ya mzunguko ina kilomita 112, na tangu 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa saa chache. Bwawa la umeme la Nyerere nalo lina megawati 2,115, sibishi. Ila maji yale ni ya mvua, na sisi huku mvua tunaijua. Inaingia Desemba, Aprili imeshaaga, na mwaka mwingine inapita kutusalimia tu. Miezi iliyobaki ni jua tupu.

Naomba mapaa ya Mtumba yafunikwe paneli za sola, wizara yako itangulie. Viyoyozi vya ofisini vinanguruma mchana, saa zile zile jua linapowaka, hata betri kubwa haihitajiki.

Kubwa zaidi kwangu ni vyumba vya ubaridi vya sola huku vijijini, Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, vikiwa mikononi mwa AMCOS zetu, yaani vyama vya ushirika vya wakulima. Paneli ni ghali kwa mkulima mmoja; kwa wanachama mia, wakikopeshwa kwa riba ya kibinadamu, zinalipika. Mwenye zabibu iliyopoa anaweza kumwambia dalali, "Njoo kesho." Leo hatuwezi. Dalali anajua hilo, ndiyo maana anachelewa makusudi.

Agosti tunavuna tena. Ukipata nafasi, njoo mchana, saa saba hivi, usimame nami shambani dakika kumi bila kofia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa zabibu, Hombolo