Barua ya wazi kwa vijana wa Kigoma mnaotaka mpaka ufungwe

Wanangu na wajukuu zangu, marahaba. Najua wengi hamjanisalimia, siku hizi mtu anaingia moja kwa moja kwenye ubishi, lakini mimi nimeshaitika ili tusianze vibaya.

Wiki hizi kila nikikaa nasikia maneno yale yale, kijiweni kwa bodaboda, msibani, mpaka kwenye foleni ya mashine ya kusaga, fungeni mpaka, Warundi warudi kwao, wahamiaji haramu wametujaa. Na wanaopaza sauti kuliko wote ni nyinyi wa Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, yani watu wa mpakani wenyewe, sio mtu wa Dodoma. Mimi nimekuwa balozi wa nyumba kumi alafu mwenyekiti wa kitongoji huku upande wa Manyovu, mpakani na Burundi, barua za utambulisho nimegonga mpaka mhuri ukafutika herufi, kwahiyo haya mambo ya nani mwenyeji na nani wa kuja sikuyasikia redioni, yalikuwa yananigongea mlango saa kumi na moja alfajiri. Naomba mnisikilize, mkimaliza mtanitukana mkitaka.

Sisemi hamna hoja. Hoja mnazo. Kibarua wa ng'ambo anakubali kulima kwa hela ambayo wewe huwezi kuishi nayo, msitu wa kijiji umeliwa, na ujambazi wa njia ya Kibondo kwenda Nyakanazi mtu asinihadithie, nimeipita ile njia enzi mabasi yanasindikizwa na polisi wenye bunduki maana mkienda peke yenu mnavuliwa mpaka viatu. Silaha za vita ya Burundi na ya Kongo zilivuka, hilo halina ubishi. Ila na waliokuwa wanawaonyesha wenye bunduki basi gani limebeba wafanyabiashara hawakutoka ng'ambo, tunawajua, wengine tumewazika kwa heshima zote.

Sasa jiulizeni. Siku serikali ikiwasikiliza, ikaleta magari, ikasema haya tunamtafuta Mrundi, itamtambuaje? Kwa sura? Kwa lugha? Sisi Waha tukisalimia mwakeye mtu wa ng'ambo anaitika bila mkalimani. Kwa jina? Majina yanayoanza na Nta na Ndi yako pande zote mbili. Muulizeni ndugu yenu yeyote anayetembeza mitumba Kariakoo wenzake wanamwitaje pale wakigombana, wanamwita Mrundi, tena hawajali kama babu yake kazikwa Heru Juu ya Kasulu. Ukitoka Kigoma na basi, kwenye vizuizi wanapanda maafisa wanapita siti kwa siti, mwenye lafudhi kama yangu anaambiwa shuka ujieleze, mama wa watu na dumu lake la mawese anaulizwa jina la babu mzaa baba na alihamia hapa lini, wakati jamaa wa siti ya nyuma ambaye ni mgeni kweli ila kakulia Mwanza na Kiswahili kimenyooka anaendelea kulala.

Mnakumbuka Januari 2020 laini zilipoanza kuzimwa kama hujasajili kwa kidole? Kwenye vijiji vyetu kulikuwa na wazee waliozaliwa enzi za Mwingereza hawana namba ya NIDA, maana kila wakienda wanaambiwa hapa ni mpakani, lete ushahidi zaidi, lete cheti cha kuzaliwa cha baba yako. Baba aliyezaliwa kwenye nyumba ya nyasi kabla hata reli haijafika Kigoma, na reli ilifika 1914, hicho cheti angeandikiwa na nani. Hiyo ndiyo hali ikiwa hakuna operesheni yoyote, siku ya kawaida tu.

Na operesheni tumeshaiona. Julai 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa wiki mbili wasio na vibali waondoke na wenye silaha wazisalimishe, Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, Kagera, Geita na kwetu Kigoma. Silaha zilipatikana na wahalifu walikamatwa, sikatai. Lakini walibebwa pia watu waliokaa nchi hii miaka na miaka, mke Mtanzania akabaki na watoto mume akavushwa, ng'ombe wakabaki hawana mwenyewe, na ng'ombe wa mtu aliyefukuzwa huwa wanapata mwenyewe haraka sana. Na mnajua walikuwa wanaanzia wapi? Kwa jirani. Jirani mnayegombania mpaka wa shamba, shemeji anayedaiwa mahari, mtu uliyemshinda kesi kwenye baraza la kata, anaenda kunong'ona kwamba yule sio wa hapa. Majina nilikuwa naletewa mimi, kwenye vikaratasi. Nikifuatilia jina moja moja nakuta kesi ya shamba. Nyinyi mliokuwa watoto wakati ule hamjui hofu iliyokuwepo, watu wazima wenye nyumba za bati wanalala porini na wao ni raia.

Alafu mnasema fungeni mpaka kana kwamba ni dawa mpya. Aprili 1994 pale daraja la Rusumo, mpakani na Rwanda, walivuka Wanyarwanda kama robo milioni kwa muda wa siku moja hivi, Ngara ikafurika, mwaka uliofuata tarehe 31 Machi serikali ya Mzee Mwinyi ikafunga mpaka na Burundi. Walizuiwa wengi siku zile. Ila vita ya ng'ambo haikuisha kwa sababu sisi tumefunga, 1996 kule Burundi Buyoya akapindua tena nchi na watu wakaendelea kuingia kwa maelfu, wengine kwa mitumbwi usiku, wengine kwa njia za mbuzi huku milimani. Aliyefungiwa kweli kweli ni mama wa Manyovu aliyekuwa anapeleka chumvi ya Uvinza na kurudi na maharage.

Na huo mstari wenyewe ni wa juzi bana. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia huku kwetu na Burundi na Rwanda ilikuwa koloni moja la Mjerumani. Mbelgiji akaiteka Kigoma 1916, akakaa mpaka 1921 ndipo akamwachia Mwingereza, yani Mbelgiji angeng'ang'ania kidogo tu leo hao Warundi mnaotaka wafukuzwe Kasulu mngekuwa nyinyi.

Tuje kwenye hela maana huko ndiko mzizi uliko. Mvua zikikaribia nani anatuma mtu ng'ambo akaite vibarua? Ni sisi wenyewe, wengine ni baba zenu waliowasomesha kwa mahindi hayo hayo. Makubaliano ni ya mdomo, limeni, palilieni, tukivuna nawalipa. Mtu anakaa kwenye kibanda cha shambani miezi kadhaa anakula mihogo na maharage, hela anaihesabu kichwani. Siku za malipo zikikaribia mwenye shamba anapiga simu. Gari linakuja, vibarua wanapandishwa karandinga, mahindi yanabaki, hela haijatoka hata senti. Mnalijua hili, msijifanye hamlijui. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inambana na mwajiri pia, anayeajiri mgeni bila kibali naye ana kosa, lakini vibarua wakipakiwa nimeona sana, mwenye shamba akipakiwa nao sijaona.

Sasa hapo ndipo bei yenu inapokufa, sio mpakani. Utashindana vipi na mtu anayelima bure? Yule kibarua angekuwa na karatasi, ameandikwa kwa mtendaji wa kijiji, bei imeandikwa na siku ya kulipwa imeandikwa, mwenye shamba asingekuwa na faida yoyote ya kumwacha wewe wa hapa na kumfuata yeye mbali kote huko. Ni woga wake ndio unamfanya awe rahisi. Mkifunga mpaka hamumwondoi, mnamwongezea woga tu, na kibarua mwenye woga kuliko wote ndiye wa bei ya chini kuliko wote. Hao wenye mashamba makubwa wanaowashangilia mkisema fungeni mpaka, jiulizeni wanashangilia nini.

Kama mnataka kudai kitu daini hiki, kibali cha msimu cha bei ambayo mkulima wa ekari mbili anaiweza, kinachotolewa hapa hapa mpakani, Manyovu na Mabamba, bila mtu kusafiri mpaka mjini kupanga foleni. Burundi iko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na itifaki ya soko la pamoja inayoongelea wafanyakazi kuvuka ilianza kazi 2010. Wenye digrii wanaijua na wanaitumia, mwenye jembe hakuna aliyemwambia. Hapo mkisimama nitasimama na nyinyi, tena mbele, na fimbo yangu.

Kitu kingine mnachanganya watu. Wale waliokimbia mauaji ya 1972 wakapelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakafyeka pori wakalima mpaka wakawa wanalisha mikoa, zaidi ya 160,000 walipewa uraia na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Hao ni Watanzania, tena wana cheti, mimi sina. Waliopelekwa kambi za Nyarugusu na Nduta ni wakimbizi, chini ya sheria ya wakimbizi, na Warundi waliokimbia 2015 wamekuwa wakirudishwa kwao kwa makundi tangu Septemba 2017. Wengi wenu 2015 mlikuwa na akili za kukumbuka, mliona kijiji cha Kagunga, watu wamelala kwenye mchanga wa ziwa, kipindupindu kinawamaliza, meli ya Liemba inaenda na kurudi kuwabeba kuwaleta Kigoma mjini. Na kwa Wakongo, kuanzia Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, mtu anayefika ufukweni na godoro na watoto kukimbia hilo utamwita mhamiaji haramu kwa mdomo gani?

(Tena nyinyi nyinyi mwaka 2020 Trump alivyoitoa Tanzania kwenye bahati nasibu ya greencard nilisikia kilio mpaka huku kijijini. Na mnao kaka zenu Sauzi wasio na karatasi hata moja, wanaotuma hela za mabati, kila wazalendo wa kule wakianza kuchoma maduka mama zenu wanakuja kwangu kuomba nipige simu. Basi tu nakumbusha.)

Mwenye bunduki ni mwenye bunduki. Ukimjua kamtaje, jina lake, anapolala, silaha kaificha wapi, usiende kusema kuna Warundi kule bondeni, hiyo sio taarifa, hiyo ni kuomba gari lije kupakia kila aliyelala bondeni akiwemo shangazi yako. Akikamatwa mtu wa kijiji chako na unajua ni wa hapa, usikae nyumbani unachungulia dirishani, nenda na wewe ofisini, useme namjua, tulisoma darasa moja, baba yake alikuwa manamba wa mkonge Tanga pamoja na baba yangu. Mkienda watu wengi kusema hivyo mambo hubadilika, mtu mmoja anayelia peke yake hasikilizwi. Na nyie mnaojipanga kugombea uenyekiti wa vijiji, nasikia kuna ambao kampeni yao yote ni Warundi, hawana la zahanati wala la barabara, hao mimi kura yangu wasiihesabu.

Mwisho karatasi. Fungueni masanduku ya bibi zenu kabla mchwa hawajafungua. Kadi ya TANU, stakabadhi ya kodi ya kichwa, cheti cha ubatizo cha misheni, kadi ya kiliniki, hata barua ya zamani ya ushirika wa kahawa, vyote ni ushahidi, pigeni picha mtunze na nakala sehemu mbili. Wapelekeni wazee NIDA wakiwa bado wanaweza kutembea na kujibu wenyewe. Mimi nina kumbukumbu ya nani kazaliwa wapi kuanzia ukoo hadi ukoo kwenye kata yetu, na bado naona bila miwani, anayehitaji nimtolee ushahidi wa kiapo kuhusu babu yake nyumbani kwangu mnapajua, aje na mashahidi wengine wawili wenye umri wangu kama bado wapo, gharama ya wakili tutachangishana. Na aje asubuhi, mchana niko shambani.