Waliposema Aidah, uliitika?

Makorora, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Goti la baba yako ndilo lile lile, na mvua imerudi kupitia pale pale juu ya kabati. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu unausoma wenzio wamekuchungulia begani, na haya sitaki yasomwe kwa sauti chumbani kwenu. Mdogo wako ananicheka, ati siku hizi barua anaandikiwa mjumbe tu. Mwache acheke.

Alhamisi nilikupigia, najua hukuambiwa. Alipokea yule mwenzio mnayekaa naye chumba. Nikasema namtaka Mwanaidi. Akasema, "Nani?" Nikarudia. Akasema huyo hapa hayupo, hii simu ya Aidah, na Aidah anaoga. Kisha akaniuliza, "Kwani nani mwenzangu? Maana hapa imeandikwa Tanga tu." Nikajikuta nasema mimi ni mama mmoja wa mtaani kwao, nitapiga baadaye. Hapo ndipo akanipa shikamoo. Nikaitikia, nikakata, nikakaa na simu mkononi mpaka wali ukashika chini.

Simlaumu binti wa watu. Sauti yake ina adabu na nadhani kwao wamemlea. Ninachouliza ni kimoja: siku ya kwanza waliposema Aidah, uliitika? Ulijitaja hivyo mwenyewe, au walikubandika wao nawe ukaona haina neno? Ni mambo mawili hayo. Baba yako nusu ya mji wanamwita Mkonge kwa ule urefu wake, na hana kinyongo, kwa sababu anayemwita Mkonge anamjua na Bakari pia. Jina la utani halimfichi mtu. Hilo lako mimi naliona la kujifichia.

Na status zako? Nilikuwa naziona, mara kimya. Nikadhani umebanwa na mitihani, nikakuombea dua. Kumbe mtoto wa jirani anaziona kila siku, akaja kunionyesha mwenyewe: wigi limefika kiunoni, kope za kubandika, umeegemea gari jeupe ambalo si lako wala si la mtu ninayemjua. Wigi halikunishtua. Kilichonichoma ni kwamba ulikaa chini ukachambua majina, huyu aone, huyu asione, ukafika kwangu ukabonyeza asione. Anayemwogopa mama yake huficha kosa. Wewe umeficha nini, gari la watu?

Ile laki moja na nusu ya fildi sikuulizi. Bumu la mkopo wa chuo lilitoka, nalo sikuulizi. Nasema tu kope hazifiki bei hiyo, kwa hiyo kuna kingine.

Usidhani sijivunii. Divisheni wani yako niliitangaza mpaka wauza samaki wa Sahare wanaijua, na yule mmoja kila akiniona huuliza, "Msomi wetu hajambo?" Namjibu hajambo. Sasa akiniuliza nataka kumjibu bila kusita, unanielewa?

Nami nani wa kukusema. Mwezi huu mtaani kuna harusi mbili na zote zina sare, ya kwanza zambarau, ya pili kijani. Usipovaa unakaa nyuma na watoto, na picha zikitoka hata kisogo chako hakionekani. Ya kwanza nimekopa kwenye kikoba. Ya pili nimechukua kwa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, na hilo baba yako asilisikie. Nguo ya kuvaa siku moja, mwanangu, na kila Jumatatu nalipa. Bibi yako angekuwepo angecheka, angesema mji huu ni wa tangu na tangu. Alikuwa akisimulia enzi za mama yake, vikundi vya ngoma ya beni, Marini huku na Arinoti kule, wanawake nao na lelemama zao, mtu anauza mbuzi wake ili ngoma ya upande wa pili ionekane mbovu. Hata mavazi yalikuwa ya kushindania. Kwa hiyo simu hazikuleta hilo, zimeliongezea mbio tu.

Wala sisemi ukae peke yako. Mtu ni watu. Hesabu za kidato cha tatu ulizipata kwa nani? Si wale wasichana watatu mliokuwa mkijazana barazani na taa ya kuchaji mpaka saa tano, mnakula mihogo yangu yote? Kabla yao ulikuwa ukichana daftari na kulia. Ulipoona wenzio wanapata ukaona haya, ukakaza. Haya ile ile ndiyo inayokubandika kope leo. Zamani mwari alikabidhiwa somo, mtu mzima wa kumfunda na kumsimamia, na neno hilo hilo tunamwitia rafiki wa chanda na pete, tena tunamwitia na wajina. Naona waliotangulia walijua kwa nini. Sasa huko Sinza somo wako nani? Mwenye gari?

Baba yako anasema lawama ni yangu. Ati mimi ndiye niliyekukataza Kidigo. Bibi akikusemesha mbele ya wageni nilikuwa nakuvuta mkono, nasema zungumza Kiswahili kizuri, usije ukachekwa shuleni. Sikumjibu. Nilikwenda kuanua nguo.

Tukija kwenye ya nyumbani, bomba linatoka siku mbili kwa wiki, kwa hiyo mapipa yote yamejaa na hakuna pa kupita ukumbini. Paka amezaa tena kabatini kwako. Na kile chuma cha vitumbua cha bibi kimekatika mkono. Nimekipeleka kwa fundi wa kuchomelea, ananiambia ninunue kipya, siku hizi vipo vyepesi. Nimekataa. Kina mashimo saba, lile la katikati limelika upande, kitumbua chake hutoka kimepinda kidogo. Chuma hicho ndicho kilichonisomesha. Alikaa nacho Mgandini asubuhi na jioni, mchele ameuloweka tangu jana, iliki ametwanga mwenyewe, na macho yake mekundu kwa moshi miaka yote. Siku moja, niko kidato cha pili, natoka shule na wasichana wawili wa Raskazone, wana baiskeli zao, mimi nimepakiwa nyuma. Tukapita pale. Akaniita. Mmoja akauliza, nani huyo? Nikasema, mama mmoja wa mtaani kwetu. Baiskeli haikusimama. Usiku alinitilia chai na vitumbua viwili kama kawaida, vile vya pembeni vilivyokauka vizuri, akijua ndivyo nivipendavyo. Hakusema neno, si usiku ule wala mpaka amekufa.

Fundi anataka elfu nane. Nitampa.

Ulipozaliwa baba yako alikuwa na majina matatu tayari, mazuri tu. Wewe hukuzaliwa Idi wala karibu na Idi, ulizaliwa katikati ya masika, na watu waliuliza, Mwanaidi wa Idi gani huyu? Nikasema Mwanaidi, na basi. Bibi alikupakata, akanitazama kwa muda, kisha akaomba maji ya kunywa. Baba yako mpaka leo anadhani nilikuwa naonyesha heshima kwa mama yangu.

Umesema sikukuu utakuja na hao wenzio wawili. Karibuni. Watalala chumba cha mbele na wewe. Choo ni kile kile cha uani, bati ni lile lile, na usiniambie nipake ukuta rangi kwa ajili ya wageni wa siku tatu. (Ndoo moja nimeshanunua, ilikuwa inauzwa rahisi.) Utawapeleka Amboni mapangoni wakapige picha, utawapeleka ufukweni Raskazone jioni, na mimi nitapika. Lakini nikuambie mapema ili usije ukashtuka: nikiwa jikoni nikitaka nazi ikunwe, nitaita Mwanaidi. Nitaita kwa sauti niliyozoea, ile inayosikika nyumba ya tatu. Sitaki kukutahayarisha. Nataka kujua tu utaitika au utangoja niite mara ya pili. Ukiona itakuwa shida, waambie wenzio kabla basi halijafika Segera, maana njia ni ndefu na mtakuwa mmekosa la kuzungumza.

Na mikopo ya kwenye simu usiiguse. Najua ninachokisema.

Kwenye boksi mna machungwa ya Muheza, yaliyo juu yaanze kuliwa, ya chini bado. Samli ni ya chupa ile ya asali, ifunge vizuri. Visheti gawa, usivimalize na mlango umefungwa. Mna na kanga. Nilisimama dukani karibu saa nzima. Mchuuzi alinitandazia moja nzuri mno ya rangi ya zambarau, nikasoma jina lake, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", nikamrudishia haraka, hiyo nilinunue tusi langu mwenyewe? Nimechukua ya "Wema hauozi". Rangi haikunipendeza, lakini kanga hununuliwa kwa jina. Nimeikata, kimoja nimebaki nacho hapa, kimoja ndicho hicho. Kipinde mwenyewe, sindano na uzi nimevichomeka kwenye pindo. Ukikivaa kulalia tu inatosha, simlazimishi mtu kujitanda huko.

Boksi linaondoka kesho na basi la saa kumi na mbili asubuhi, utalichukua stendi ya Mbezi. Hawatoi mzigo mpaka utaje jina lililoandikwa juu, na watu hupanga foleni, kwa hiyo utalitaja mbele za watu. Nimeliandika mwenyewe kwa kalamu nene, herufi kubwa, pande zote mbili: MWANAIDI BAKARI. Kwa hiyo kama barua hii umeishika, walikuuliza na ukasema. Isipokuwa kama umemtuma huyo mwenzio.

Mama yako

Chupa ya samli na hotipoti ya visheti nirudishie. Hotipoti si yangu, ni ya mama wa nyumba ya pili.