Barua kutoka Grenoble

Grenoble, Jumapili usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na shemeji na watoto wote pia. Barua yako niliisomea kwenye tramu nikapitiliza kituo. Unasema umechoka kuchora mbu na vyandarua, kwamba miaka 15 ya vijitabu vya katuni vya shule imekumaliza, na sasa unataka turubai na rangi za mafuta tu. Unauliza kama umechelewa. Jambo hili si la kujibu kwa simu.

Leo nimekwenda makumbusho ya hapa kwa ajili yako. Nimesimama muda mrefu mbele ya ng'ombe aliyechunwa wa mchoraji Soutine. Picha ina kimo cha mita 2 hivi: mzoga unaning'inia, nyama nyekundu kama bado ina joto. Ukisogea karibu ng'ombe anapotea, unabaki na rangi nzito iliyosukumwa na kuburutwa kwa brashi mpaka imefanya matuta, kama tope lililokanyagwa. Soutine alitundika mzoga wa kweli chumbani mwake Paris, miaka ya 1920, akawa anaumwagia damu usipoteze rangi yake, hadi majirani wakaja juu kwa uvundo.

Mbele ya picha hiyohiyo alisimama mtoto mmoja aliyekulia mji huu, Jean-Marc Rochette, mzaliwa wa 1956. Alitaka kuwa kiongozi wa wapanda milima. Kijana wa miaka 20 hivi, jiwe likaporomoka mlimani likamponda uso. Akashika kalamu. Mwaka 1984 kikatoka kitabu cha *Le Transperceneige*, hadithi aliyoiandika Jacques Lob, yeye akaichora: watu waliosalia duniani wamo ndani ya treni inayokata theluji bila kusimama. Baadaye akachora vitabu vya kila namna, *Pinocchio* na *Candide* vikiwamo. Kazi ya kuagizwa, swahiba, kama zako.

Kisha akahamia Berlin kupaka rangi. Miaka kadhaa, turubai tu. Hadithi yake ya treni ilipofanywa filamu mwaka 2013, walimwita achore zile picha ambazo mchoraji wa ndani ya filamu anaonekana kuzichora, kwa hiyo mkono unaouona pale ni wake. Lakini mimi kilichonigusa ni kilichofuata. Akarudi kwenye hadithi za picha, na mwaka 2018 akatoa *Ailefroide*, maisha yake mwenyewe, na inaanza na yule mtoto mbele ya ng'ombe wa Soutine. Halafu *Le Loup* mwaka 2019, na *La Dernière Reine* mwaka 2022, ambamo askari aliyeharibiwa uso vitani anakutana na mwanamke mchongaji anayemtengenezea uso mwingine. Nikikumbuka lile jiwe, kurasa hizo huzisoma polepole sana.

Fungua *Le Loup* popote penye mlima. Mwamba hajauzungushia mstari kisha akaujaza. Ameuangusha kwa wino mzito, brashi nene, weusi mmoja mkubwa, na theluji ni karatasi aliyoiacha bila kuigusa. Naamini hakuweza kuchora hivyo kabla ya Berlin. Na naamini pia kwamba asingejua aache wapi karatasi tupu kama asingekaa miaka mingi akihesabu nafasi ndani ya vile vyumba vidogo vya katuni. Kwa hiyo usiniambie miaka yako imepotea. Ulipolisema hilo niliumia kweli.

Bado ninacho kijitabu chako cha kipindupindu, kile ulichonipa nikiondoka. Ukurasa wa 6 kuna mama ameinama kuchota maji kisimani. Mgongo wake ni mstari mmoja tu, umepita kuanzia kisogoni hadi kwenye fundo la kanga, na mtu anauhisi uzito wa ndoo ambayo hata haijatoka majini. Mwalimu aliyekuwa anafundisha kuchemsha maji hakuuhitaji mstari huo. Wewe ulikuwa nao tu.

*Le Loup* nakutumia na mtu anayesafiri mwisho wa mwezi. Usihangaike na Kifaransa, tazama miamba. Na ukishanunua turubai, anza na yule mama wa kisimani. Mfanye mkubwa kama ng'ombe wa Soutine, halafu nipigie picha hata kabla rangi haijakauka.

Ndimi swahiba wako