Barua ya wazi kwa Meya wa Grand Rapids, Michigan, Marekani

Mheshimiwa Meya,

Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Bukavu, Congo, mkazi wa mji wako. Aprili 2022 niliandamana katikati ya mji kwa ajili ya Patrick Lyoya, kijana wa Kicongo aliyeuawa na polisi. Kwenye kona ya kitenge nilifunga kitambaa kilicholowa maji, maana kwetu ukienda kuandamana unajiandaa kwa mabomu ya machozi. Nilirudi nacho vilevile, kimeniganda kiunoni kwa baridi. Kwenye kipande cha boksi nilichobeba niliandika HAKI KWA PATRICK. Mzungu mmoja akaniuliza kama Haki ni ndugu yake.

Patrick alikuwa na miaka 26. Familia yake ilikimbia vita Congo, ikafika Marekani 2014. Asubuhi ya Aprili 4 polisi alimsimamisha kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari lenyewe. Patrick akashuka. Akaambiwa arudi ndani, akaulizwa kama anajua Kiingereza, akajibu ndiyo. Baada ya dakika chache za kukimbizana na kugombania kifaa cha polisi cha shoti ya umeme, alikuwa amelala kifudifudi, polisi huyo akampiga risasi ya kisogoni. Baba yake alizungumza na waandishi kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni.

Mei 2025, katika kesi ya polisi huyo, wajumbe wa juri, yaani raia wanaoamua kesi, walishindwa kuafikiana, na mwendesha mashtaka akasema hatairudia kesi. Imeniuma, lakini wewe si hakimu, sitakubebesha hilo.

Ninalokuomba liko mikononi mwako. Mimi nilikulia mahali ambapo polisi akikusimamisha, unashuka, unamwendea, unamsalimu. Kubaki umekaa ni kiburi. Hapa kushuka kunamtia askari hofu. Nani alitufundisha? Cheti cha udereva nilikipata bila kuambiwa hata siku moja niweke wapi mikono yangu. Wafundisheni wageni kwa Kiswahili, na askari nao wajue kwamba "ndiyo" yetu mara nyingi ni adabu tu; haina maana tumeelewa.

Mwanangu wa kwanza anaanza kuendesha mwaka huu. Kiingereza anakijua kuliko mimi, ila mkono wake bado unakimbilia mlango.

Ibada yetu ya Jumapili huisha saa saba mchana. Njoo na mkuu wa polisi, mkae nasi saa moja. Mkalimani tunaye.

Mama wa Bukavu