Patiko sio mawe tu ya kupigia selfi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu wiki jana. Mtoto wa dada yangu yuko P6 (darasa la sita) hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, shule yao iliwapeleka kutembelea Patiko, ile ngome watu wanaita ya Baker, yule Mwingereza Samuel Baker. Jioni nikamuuliza, haya umeona nini huko? Akaniambia, "Mjomba, tuliona mawe, alafu tukala chapati." Basi. Walipewa dakika ishirini hivi, wakapanda jiwe wakapiga picha, wakarudi kwa basi.

Sasa mi mwaka juzi nilikuwa Scotland, dada yetu mkubwa anaishi Aberdeen, akanizungusha siku nne kwa pwani ya kule kaskazini mashariki. Baridi sitaki hata kuikumbuka, upepo unakupiga mpaka machozi yanatoka na hujafiwa na mtu, bahari iko chini kabisa inagonga majabali, na juu ya hayo majabali ndio wazee wao walijenga ngome na minara ya taa ya kuongoza meli, mingine bado inawaka mpaka leo.

Tulianza na Dunnottar karibu na Stonehaven. Ni ngome juu ya mwamba ambao bahari imeuzunguka karibu pande zote, unashuka ngazi mpaka chini alafu unapanda tena, magoti yangu nayo si ya kijana. Wengi wanaenda pale kwa sababu ya kisa cha taji. Jeshi la Cromwell, yule kiongozi wa Uingereza aliyepigana na wafalme, lilizingira ngome ile kama miezi nane, 1651 kuingia 1652, likitaka taji la wafalme wa Scotland, kumbe taji lishatoroshwa, limefukiwa chini ya sakafu ya kanisa la kijiji cha Kinneff. Kisa kitamu. Lakini mi kilichonishika ni chumba kimoja cha chini chenye dirisha la kuangalia bahari. Humo 1685 walifungiwa watu 167, wanaume 122 na wanawake 45, kosa lao kukataa mfalme awaamulie mambo ya kanisa lao. Walibanwa wiki nyingi, wengine wakafia mle mle, wengine wakatokea dirishani wakajaribu kuteremka jabali na wapo walioanguka wakafa, na wengi wa waliobaki wakapakiwa meli kupelekwa Amerika. Yote hayo unaelezwa pale pale, hawafichi aibu yao. Nilisimama kwenye lile dirisha nikaikumbuka Patiko, nikashindwa hata kupiga picha.

Kule Fraserburgh kuna kitu sijawahi kuona, mnara wa taa umeota juu ya ngome! Yaani mwaka 1787 hawakubomoa ngome ya zamani, walipachika taa juu yake, zamani ilikuwa inawaka kwa mafuta ya nyangumi. Siku hizi ni makumbusho, mtu wa pale anakupandisha mpaka juu anakueleza jinsi mlinzi alivyokuwa anakesha kuangalia taa, anapandisha uzito kwa mkono kama wa saa ya ukutani ili kioo kiendelee kuzunguka. Mwaka 1998 mnara wa mwisho wenye mlinzi huko Scotland nao uliachwa ujiendeshe wenyewe, kazi ya ulinzi wa taa ikaisha, lakini kisa chake hakikuisha.

Tukapita na Slains, gofu kubwa halina paa tangu 1925. Siku ile hatukupata mtu wa kutueleza chochote. Tukapiga picha tukaondoka, sawa sawa na watoto wa P6.

Ndio maana simlaumu huyu mtoto. Pale Patiko kabla hata Baker hajafika 1872, ametumwa na Khedive, yaani mtawala wa Misri, wafanyabiashara wa watumwa walikuwa na kituo chao, na watu wetu walikusanywa hapo kabla ya kutembezwa kwenda kaskazini mpaka Gondokoro, kituo cha zamani kando ya Nile katika Sudan Kusini ya leo, na wengine hawakurudi kamwe. Nilipoenda miaka ya nyuma mzee mmoja wa pale alituonyesha yale mapango akatueleza taratibu kwa Kiacholi, karibu saa mbili, hakuna aliyechungulia simu. Alafu sisi tunapaita kwa jina la Baker peke yake. Kwani Baker ndiye alifungwa pale?

Sasa ombi langu sio saruji. Tafadhali msije mkapaka rangi yale mawe au kujenga baa katikati, wenzetu wameacha magofu yao yabaki magofu na watu wanalipa kuyaona. Mi nataka shule ikipanga safari iweke na pesa ya mtu wa kueleza, na muda wa kumsikiliza. Na ubao mkubwa kwa Kiacholi, Kiingereza na Kiswahili pia, si ni serikali yenyewe ilisema 2022 kifundishwe shuleni, sasa watoto wakisome wapi kama si sehemu kama hizo.

Jumamosi hii nampeleka tena yule mtoto. Chapati tutabeba zetu, na yule mzee kama bado yupo nitampa ya soda kabla hajaanza kusimulia.

Msomaji wenu,
Gulu